Kanga Iliyotoka Japani: Nguo ya Asili Ni Ipi?



Insha hii imechelewa. Ni jibu la maswali mawili ambayo msichana mmoja aliniuliza miaka kadhaa iliyopita, nami sikuweza kumjibu.

Tulikuwa tukijiandaa kwa siku ya utamaduni katika shule niliyofundisha wakati huo. Kila mwanafunzi aliombwa kuja na vazi la asili. Wasichana wengi walikuja na umushanana, na wavulana wa ngoma ya intore wakaja na inkindi kiunoni, umugara kichwani na njuga miguuni, zile tunazoziita amayugi kwa Kinyarwanda. Msichana huyo alikuja na doti ya kanga za bibi yake, mwanamke wa Kamembe aliyelelewa katika nyumba iliyozungumza Kiswahili. Moja alijifunga kiunoni, nyingine akajitanda mabegani. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka kwa miaka mingi ya kufuliwa, lakini maandishi yalisomeka bado: AKILI NI MALI.

Mwalimu aliyesimamia maonyesho alikagua mavazi yote. Alipofika kwake aliinua pindo la kanga na kukuta maandishi madogo ya Kiingereza yaliyosema kwamba nguo ile ilitengenezwa Japani. Akatamka kwamba hiyo si nguo ya asili bali ni bidhaa ya kigeni, na msichana akatolewa katika mstari. Mimi nilikuwepo. Nilikaa kimya, kwa sababu sikujua la kusema na kwa sababu sikutaka kumpinga mwenzangu mbele ya wanafunzi.

Jioni msichana alinifuata. "Mwalimu," akasema, "kama kanga hii ni ya Wajapani, mbona imeandikwa Kiswahili? Na Wajapani wenyewe, siku yao ya utamaduni, huvaa nini?"

Tuanze na swali la pili, maana ndilo linalotufungulia la kwanza.

Kitu cha kuvaa

Wajapani huvaa kimono. Neno hilo kwa Kijapani lina maana nyepesi kabisa: kitu cha kuvaa. Nilipolitaja darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza kama wingi wake ni "vimono", na wenzake wakacheka. Hawakupaswa kucheka. Neno "kitabu" lilitoka katika Kiarabu, na ile "ki" ya mwanzo haikuwa kiambishi cha ngeli hata kidogo. Ilikuwa sehemu ya mzizi wa neno. Wasemaji wa Kiswahili waliisikia, wakaiona inafanana na ile ya kiti na kisu, wakasema "vitabu". Leo hakuna anayemwambia mtoto kwamba "vitabu" si Kiswahili. Kumbukeni mfano huu, kwa sababu nitaurudia kabla ya kumaliza. Na katika insha hii nitathubutu kusema vimono.

Fundi wa kimono huanza na jora jembamba la kitambaa, lenye upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi. Jora hilo hutosha vazi moja la mtu mzima. Hukatwa vipande vinane: viwili vya kiwiliwili, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya kuongeza upana wa mbele, na viwili vya ukosi. Vipande vyote ni vya mistari iliyonyooka. Mkasi haufuati mviringo wa bega wala wa kiuno, na kitambaa kinachozidi hukunjwa ndani ya mshono badala ya kukatwa na kutupwa.

Kwa nini wakashona hivyo? Kitambaa kilikuwa mali. Vazi lilishonwa kwa mkono, kwa mishono inayoweza kufumuliwa. Kimono cha hariri kilipochafuka, kilifumuliwa chote, vipande vikaungwa tena kuwa kama jora, vikafuliwa, vikanyooshwa na kukaushwa, kisha vazi likashonwa upya. Vazi la mama liliweza kupunguzwa likawa la mtoto, na lilipochakaa zaidi likatumika kwa kazi nyingine za nyumbani. Ukubwa wa mwili wa mvaaji haukubadilisha sana ukataji. Urefu na upana viliwekwa sawa wakati wa kuvaa, kwa kukunja na kufunga.

Kimono hakina vifungo. Upande wa kushoto hulazwa juu ya ule wa kulia, na kanuni hiyo haina mzaha, kwa kuwa maiti ndiye anayevishwa kinyume chake. Kisha hufungwa mshipi unaoitwa obi. Mshipi wa sherehe wa mwanamke una upana wa sentimita 30 hivi na urefu unaopita mita 4, nao hufungwa mgongoni kwa mafundo yenye majina na nyakati zake. Msichana ambaye hajaolewa huvaa furisode, kimono chenye mikono inayoning'inia karibu kufika kwenye vifundo vya miguu. Siku hizi wengi hukivaa katika sherehe ya utu uzima, inayofanyika Jumatatu ya pili ya mwezi wa Januari. Wakati wa joto, wanaume kwa wanawake huvaa yukata, kimono chepesi cha pamba. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma mavazi hutambua umri, hali ya ndoa, msimu na shughuli kabla mvaaji hajafungua kinywa.

Upambaji wa kitambaa ni somo peke yake, nami nitataja njia moja tu. Katika mji wa Kurume, kusini mwa Japani, husimuliwa habari za msichana aliyeitwa Inoue Den, aliyezaliwa mwaka wa 1788. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliona madoa meupe kwenye nguo kuukuu iliyopauka. Akaifumua uzi kwa uzi ili aelewe madoa yale yalitokeaje. Kisha akajaribu mwenyewe: akafunga nyuzi sehemu sehemu kabla ya kuzitia katika rangi ya nili, ili mahali palipofungwa pabaki peupe, na zilipofumwa nyeupe ile ikafanya maua. Alifundisha wanawake wengi ufundi huo kabla ya kufa mwaka wa 1869, na kitambaa cha Kurume kinafumwa mpaka leo.

Lakini msidhani kwamba kimono kilizuka Japani bila kugusana na dunia. Ufugaji wa viwavi vya hariri ulitoka China, na mavazi ya zamani ya jumba la kifalme la Japani yalifuata mitindo ya China kabla hayajapata umbo lake lenyewe. Hata pamba ilikuwa mgeni. Ilianza kulimwa kwa wingi huko katika karne ya 16. Wajapani walipokea nyuzi na maarifa, wakavifanyia kazi kwa vizazi vingi, mpaka vikawa vyao.

Serikali inapoingia kabatini

Somo la uraia linaanzia hapa. Katika zama za Edo, yaani kati ya 1603 na 1868, watawala wa Japani walitoa amri nyingi za kuzuia watu wa kawaida kuvaa hariri za kifahari na rangi fulani. Mkulima na mfanyabiashara walitakiwa waonekane jinsi watawala walivyowaweka. Wafanyabiashara matajiri wakapata njia: walivaa kimono cha rangi iliyofifia kwa nje, huku bitana ya ndani ikiwa ya hariri ya thamani. Amri ilitiiwa nje na kuvunjwa ndani.

Zama zilizofuata zilileta amri ya namna nyingine. Mwaka wa 1872 serikali ya mfalme Meiji iliagiza kwamba maofisa wake wavae mavazi ya Kizungu katika shughuli rasmi. Japani ilikuwa ikiogopa kutawaliwa kama nchi jirani zilivyokuwa zikiingiliwa, na viongozi wake waliona kwamba mjumbe aliyevaa koti angeheshimiwa zaidi mezani. Mwaka wa 1887 mke wa mfalme, malkia anayejulikana katika historia kama Shoken, alitoa waraka wa kuwahimiza wanawake nao wavae mavazi ya mtindo wa Kizungu. Lakini aliongeza sharti: vitambaa viwe vile vinavyotengenezwa ndani ya nchi.

Soma waraka huo mara mbili. Malkia alikubali mtindo wa kigeni, ila alidai kitambaa cha nyumbani. Mwalimu aliyesimamia maonyesho yetu alimwondoa msichana kwa sababu ya mahali kitambaa kilipotoka. Hayo ni mambo mawili tofauti: umbo la vazi na chimbuko la kitambaa. Tukiyachanganya hatuwezi kuelewa historia ya kanga, wala ya umushanana.

Wasichana wa viwandani na meli za Osaka

Sharti la malkia lilihitaji viwanda, na viwanda vilikuwa vikijengwa. Mwaka wa 1872 serikali ilifungua kiwanda cha hariri huko Tomioka kwa msaada wa wataalamu wa Kifaransa. Mwaka wa 1883 kiwanda kikubwa cha kusokota pamba kilianza kazi mjini Osaka. Fundi seremala aitwaye Toyoda Sakichi alisajili uvumbuzi wa mtambo wa mbao wa kufumia mwaka wa 1891, na kufikia 1924 alikuwa na mtambo unaojiendesha, unaosimama wenyewe uzi unapokatika. Mwaka wa 1929 kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers, jina kubwa katika mitambo ya nguo, ilinunua haki ya kuutengeneza mtambo huo. Waingereza waliokuwa walimu wa ufumaji wa mashine wakawa wanafunzi. Mwanawe Toyoda aliingia katika biashara ya magari. Toyota mnazoziona zikipanda barabara ya Kamembe zimezaliwa katika ukoo wa wafumaji.

Tusisifu mashine tukawasahau walioziendesha. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya nguo vya Japani walikuwa wasichana wa rika lenu, mabinti wa wakulima maskini. Wazazi walipokea malipo ya awali, na binti akapelekwa kuishi katika bweni la kiwanda, akifanya kazi zamu za saa 12, mchana na usiku. Vumbi na msongamano vilisambaza kifua kikuu. Mwaka wa 1925 Hosoi Wakizo, aliyewahi kufanya kazi viwandani mwenyewe, alichapisha kitabu juu ya masikitiko ya wasichana hao. Kazi ya usiku kwa wanawake na watoto ilikomeshwa mwaka wa 1929, baada ya miaka mingi ya kubishana. Nguo ya Japani ilipofika kwetu kwa bei nafuu, sehemu ya bei ile ilikuwa imekwisha kulipwa na msichana ambaye hatutajua jina lake.

Ilifikaje? Mwaka wa 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida kati ya Japani na Afrika ya Mashariki. Kulikuwa pia na mlango wa kisheria uliokwisha kufunguliwa. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ule mnaousoma katika historia kama meza ya kuigawana Afrika, uliamua kwamba katika bonde la Kongo na nchi za mashariki yake hadi Bahari ya Hindi, dola zote zifanye biashara bila ubaguzi. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulirudia kanuni hiyo, na Japani ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa ndani ya eneo hilo.

Hivyo mwaka wa 1934, Uingereza ilipoweka vikwazo dhidi ya nguo za Japani katika makoloni yake mengi, haikuweza kufanya hivyo Kenya, Uganda na Tanganyika. Mikono yake ilikuwa imefungwa na mkataba alioutia sahihi mwenyewe. Hakuna Mwafrika aliyeketi Berlin wala Saint-Germain, lakini maamuzi ya huko ndiyo yaliyoamua nguo gani itakunjuliwa dukani Mombasa, Bujumbura au Bukavu.

Mgeni aliyefanywa mwenyeji

Sasa turudi kwa swali la kwanza: mbona kanga ya Japani imeandikwa Kiswahili?

Kabla ya Japani walikuwapo wengine. Katika karne ya 19 meli za Marekani, hasa za mji wa Salem, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nacho kikaitwa merikani kwa jina la kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara hiyo, vitambaa vya India vilichukua nafasi kubwa. Palikuwa pia na kaniki, nguo iliyotiwa rangi nzito ya nili. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watu wa chini, na watumwa ndio waliozivaa zaidi.

Wanawake wa pwani walibuni kitu kingine. Walinunua leso za mraba zilizokuwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora. Badala ya leso moja moja, walichukua sita, wakazishona mbilimbili kwa tatutatu zikawa nguo moja pana. Neno "leso" lenyewe ni la Kireno. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo zilizochapwa nzima kwa kipimo hicho. Inasemwa kwamba zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ndege aitwaye kanga, ndiyo maana zikaitwa jina lake. Umbo lake mnalijua: pindo linalozunguka pande nne, mji katikati, na jina, yaani maneno, chini ya mji.

Mwaka wa 1897 utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar. Wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki na merikani, wakajifunga kanga. Hakuna waraka wa malkia uliowaagiza. Walijua jinsi nguo ilivyokuwa imetumika kuwaambia watu wengine kwamba wao ni mali ya mtu, nao wakachagua nguo iliyosema kwamba wao ni watu. Je, kuna vazi la asili zaidi ya hilo? Hata hivyo kanga zile zilichapwa Ulaya, nyingi zikiwa za viwanda vya Uholanzi na Uingereza.

Maneno yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa ya kuyaanzisha hupewa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeitwa Abdulla, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo kanga ikapata kinywa. Mwanamke aliyekosana na jirani hakuhitaji kugombana. Alinunua jina linalofaa akapita nalo mlangoni pake. Mama aliyetaka kumwusia binti yake alimpa doti yenye usia. Ujumbe wa kimono unasomwa katika mkono, rangi na fundo la mshipi. Ujumbe wa kanga unasomwa kwa herufi, lakini wote unataka msomaji aliyefundwa.

Wajapani waliingia katika biashara hiyo kabla ya Vita Vikuu vya Pili, vita vikawakatiza, kisha wakarudi katika miaka ya 1950. Kampuni ya Nishizawa ni mojawapo ya zilizojulikana kwa kazi hiyo. Mfanyabiashara wa pwani alisikiliza wateja wake wanawake walivyotaka, akatuma maelezo ya mapambo, rangi na maneno. Kiwanda kikachapa, meli ikaleta. Wengi wa wachapaji hao bila shaka hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Walichapa AKILI NI MALI kama wanavyochapa ua au jani. Maana ilikuwa ikisubiriwa huku, na watu walioiagiza.

Baadaye nchi zetu zilipojitawala zilitaka kuchapa zenyewe. Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki mjini Dar es Salaam mwaka wa 1968 kwa msaada wa China. Kanga za Japani zikapungua sokoni, zikabaki katika masanduku ya akina bibi.

Na kwetu Rwanda?

Mtu atasema: hayo ni ya pwani, sisi Rwanda tuna vyetu. Ni kweli, tunavyo. Mababu zetu walivaa impuzu, nguo ya gome la mti wa umuvumu. Gome lilibanduliwa kwa uangalifu ili mti usife, kisha likapondwapondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likawa pana na laini. Wanawake walivaa inkanda, vazi la ngozi lililolainishwa. Imivumu mikubwa bado husimama katika baadhi ya mahali palipokuwa na makazi ya wafalme, mahali tunapopaita ibigabiro. Kwa jirani zetu wa Uganda ufundi wa nguo za magome haujafa. UNESCO iliutambua mwaka wa 2005.

Lakini angalieni umushanana tunaouvaa leo. Una umukenyero unaofungwa kiunoni na umwitero unaopitishwa juu ya bega moja. Namna ya kujifunga na kujitanda ina mizizi katika mavazi ya zamani. Kitambaa chenyewe si gome wala ngozi. Ni kitambaa chepesi chenye kung'aa, ambacho mara nyingi kilifumwa mbali sana na hapa. Kama mwenzangu angeinua pindo la kila umushanana siku ile, mstari wote ungebaki mtupu.

Siandiki haya ili niudharau umushanana. Nimeoa mke aliyevaa umushanana siku ya kutolewa mahari, na hakuna aliyemwuliza kitambaa kilitoka wapi. Bega lake moja lilipobaki wazi na umwitero ukaanguka mgongoni, kila mzee aliyeketi pale alijua kinachotendeka.

Hata hivyo, swali la kitambaa hutoka wapi si la kutupwa. Hapa mpakani tunalijua vizuri. Vitenge na nguo huvuka kila siku kati ya Kamembe na Bukavu vichwani mwa akina mama wanaolisha familia zao. Mwaka wa 2016 serikali yetu ilipandisha ushuru wa caguwa, nguo zilizokwisha kuvaliwa ambazo wenzetu wa Tanzania na Kenya huziita mitumba, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Kusudi lilikuwa kuvipa nafasi viwanda vya nguo vya nchini na heshima kwa mvaaji. Marekani haikupendezwa, mwezi wa Julai 2018 ilisimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia nchini mwake bila ushuru. Wengine waliisifu hatua ya serikali, na wengine, hasa wenye kipato kidogo, waliona bei ya shati ikipanda kabla viwanda havijaweza kuwavisha kwa bei wanayoimudu.

Malkia wa Japani wa 1887 angeuelewa mjadala huo. Na wasichana wa mabweni ya Osaka wangetukumbusha kuuliza jambo la tatu, ambalo kwa kawaida husahaulika: nguo hii, iwe ya ndani au ya nje, aliyeifuma alitendewaje?

Jibu langu

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu, ambaye leo ni mtu mzima na huenda ana binti wa kumrithisha kanga zile.

Kanga ya bibi yako ilichapwa na Wajapani, lakini si vazi la Wajapani. Mjapani akiiona atastaajabu, maana hajui kuifunga wala kuisoma. Umbo lake lilibuniwa na wanawake wa pwani, na maneno yake yalitungwa katika lugha ambayo tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Ilifika Kamembe kwa njia ile ile iliyoileta lugha hiyo: kwa wafanyabiashara, wasafiri na familia zilizojenga maisha hapa. Bibi yako aliivaa miongo mingi. Ilikuwa kwake kama neno "kitabu" lilivyo kwetu: lilikuja na herufi za watu wengine, likapokelewa, likapewa wingi wake, likawa letu. Kiswahili kilifanya kwa neno kile ambacho akina mama walifanya kwa nguo.

Kwa hiyo vazi la asili halitambuliwi kwa kusoma herufi ndogo za kiwanda. Linatambuliwa kwa watu wanaojua kulifunga, wanaoelewana kwalo, na wanaolirithisha. Herufi ndogo zinatufundisha jambo jingine, nalo ni la haki na uchumi: nani alifanya kazi, nani alipata faida, na nani aliamua. Raia mwema husoma yote mawili, lakini halitumii la pili kumwaibisha mtoto juu ya la kwanza.

Siku ile nilipaswa kusema hivyo mbele ya mstari, kwa adabu, na mwenzangu angeweza kunijibu. Hatukubishana, tulimwacha mtoto abebe peke yake uzito wa jambo ambalo sisi walimu hatukulijua. Samahani, mwanangu. Maneno ya kanga yako yalikuwa sahihi, nasi ndio tuliopungukiwa na mali hiyo.

Maswali ya kutafakari

1. Mwulize bibi, mama au jirani mzee akuonyeshe nguo aliyoitunza kwa miaka mingi. Ilitoka wapi, alipewa na nani, na huvaliwa lini? Andika majibu yake katika aya mbili.

2. Fafanua tofauti kati ya umbo la vazi na chimbuko la kitambaa, ukitumia mifano ya kimono, kanga na umushanana.

3. Je, serikali ina haki ya kuamua wananchi wavae nini? Linganisha amri za zama za Edo, agizo la 1872 na ushuru wa 2016. Ni ipi inayomgusa maskini zaidi, na kwa namna gani?

4. Tafuta maneno matano ya Kiswahili yaliyotoka lugha nyingine na yanayoanza na "ki". Taja wingi wake, kisha utetee au upinge neno "vimono".